Mwongozo kamili wa kutunza katapila la zamani na injini yake ya dizeli

Katapila la zamani haliuawi na kazi. Lilitengenezwa lisukume udongo mchana kutwa, na chuma chake ni kinene kuliko akili ya kawaida inavyodai. Kinacholimaliza ni maji yaliyoingia pasipotakiwa, vumbi lililopita kwenye chujio, na miaka ya kusimama bila mtu kulitupia jicho. Karibu kila hatua iliyomo humu inahusu mojawapo ya hayo matatu.

Mashine ninazozizungumzia ni zile za kuanzia miaka ya 1930 hadi 1970 hivi. Zina klachi za usukani (zinazokata nguvu ya mnyororo wa upande mmoja ili mashine igeuke), nyenzo za mkono na pampu ya dizeli ya kimakanika, na hazina hata waya mmoja wa kompyuta. Tingatinga lenye bleidi (bamba la kusukumia udongo) mbele ni wazo la mwaka 1923, la James Cummings na J. Earl McLeod wa Kansas, Marekani. Trekta la minyororo lenye injini ya dizeli liliingia sokoni mwaka 1931, Caterpillar walipoanza kuuza Diesel Sixty. Tangu hapo vizazi vimepita, lakini fundi anayeijua mashine ya 1940 hapotei akikuta ya 1965.

Anza na namba, si na spana

Tafuta namba ya mfululizo kabla ya kununua hata filta moja. Jina la modeli halitoshi. D6 ya Caterpillar yenye namba inayoanza na 8U na ile ya 9U ni ndugu wa kizazi kimoja, ila upana kati ya cheni za kushoto na kulia unatofautiana. D8 ya 2U si D8 ya 14A. Ukiagiza spea kwa kutaja "D8" tu, utaletewa chuma kizuri kisichoingia popote. Namba ya injini nayo iandike kando, kwa sababu mashine nyingi zimebadilishiwa injini njiani.

Kisha tafuta vitabu vitatu: cha dereva, cha fundi na cha spea. Cha spea ndicho watu hukidharau, na ndicho chenye michoro inayoonyesha kila washa ilipokaa. Kumbuka pia kwamba mashine za Marekani za enzi hizo zinatumia vipimo vya inchi kuanzia bolti hadi beringi. Spana ya milimita inayokaribia kukaa itakula kichwa cha nati, na hapo utaanza kutafuta gesi ya kukatia.

Injini iliyolala: usiizungushe kabla ya kuikagua

Hapa ndipo mashine nyingi zilizokuwa bado nzima zinapouawa. Mtu ananunua katapila lililosimama miaka mingi, anafunga betri mpya au analifunga nyuma ya mashine nyingine na kulivuta ili liwake. Kama bomba la eksozi lilikuwa wazi juu, mvua imekuwa ikishuka humo miaka yote, ikapita kwenye valvu iliyobaki wazi na kukaa juu ya pistoni. Maji hayagandamiziki. Pistoni ikipanda na kuyakuta, kinachopinda ni konekting'i rodi (mkono unaobeba pistoni), na wakati mwingine bloku inapasuka.

Fanya hivi badala yake. Ondoa bomba la eksozi, umulike ndani. Ukiona kutu nyekundu iliyochora mstari wa maji, jua yaliingia. Fungua nozeli (zinazopuliza dizeli kwenye silinda), au plagi za kupasha joto kama injini inazo, ili kila silinda iwe na tundu la kutokea. Mimina kikombe cha oili nyepesi iliyochanganywa na dizeli katika kila silinda, kisha acha ilale. Siku kadhaa ni bora kuliko masaa, na wiki mbili ni bora zaidi.

Wakati oili inajipenyeza, fungua kifuniko cha valvu. Gonga kila valvu taratibu kwa nyundo ya mbao. Inatakiwa ishuke na kurudi yenyewe. Iliyokwama, iloweshe na kuigonga hadi ilegee. Ukiizungusha injini hali valvu imekwama, kijiti cha kuisukumia kitapinda, na hilo ni jambo dogo kama una bahati.

Sasa legeza plagi ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) bila kuitoa kabisa. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo kama yamo yatatangulia kutoka, ya rangi ya chai au ya kutu, kabla ya oili nyeusi kufuata. Matone machache huwa ni unyevu wa hewa tu. Kikombe kizima kina maana oringi za chini ya laina (mikebe ambamo pistoni hupanda na kushuka) zimechoka, au kichwa kimepasuka, au gasketi imeachia. Kipimo hiki hakina gharama, na asubuhi kabla ya kuwasha, mashine ikiwa imetulia usiku kucha, ndio wakati wake.

Ndipo uzungushe kwa mkono, kwa mtaimbo kwenye meno ya flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini), mbele kidogo na nyuma kidogo. Ikigoma usiongeze urefu wa mtaimbo. Ongeza oili na muda. Ikishazunguka mizunguko miwili kamili bila kugonga kitu, na uchafu umetoka kwenye matundu, unaweza kufikiria kuiwasha.

Dizeli, maji na upepo

Tangi la zamani lina tope chini. Lifungue plagi ya chini, mwaga hadi dizeli safi itoke, na kama linaweza kushushwa, lishushe ulioshe. Maji kwenye tangi huota ukungu mweusi unaoziba filta kwa siku chache, na pampu na nozeli zake zina nafasi ndogo mno kuvumilia kutu. Tabia nzuri ya madereva wa zamani ilikuwa kujaza tangi jioni, baada ya kazi. Tangi lililojaa halina hewa ya kutosha kuacha umande usiku. Asubuhi unamwaga kidogo kwenye plagi ya chini, unaona kama kuna maji, basi.

Baada ya kubadilisha filta lazima utoe upepo, yaani hewa iliyonaswa kwenye njia ya dizeli. Anza karibu na tangi kuelekea injini: skrubu ya filta kwanza, kisha ya pampu, mwisho nati za mabomba kwenye nozeli. Kila moja ilegeze hadi povu liishe na dizeli itoke kwa mfululizo, ndipo uikaze. Ukiruka mpangilio utazunguka na upepo uleule nusu siku. Ukishaiwasha, usitafute uvujaji wa bomba la nozeli kwa kidole. Msukumo ule unaweza kuingiza dizeli chini ya ngozi, na jeraha linaloonekana kama chomo la sindano linahitaji daktari wa upasuaji siku hiyohiyo. Tumia kipande cha kadibodi.

Kuwasha kwa injini ndogo

Katapila nyingi za Caterpillar za enzi hizo hazina stata ya umeme kwenye dizeli. Zina injini ndogo ya petroli ya silinda mbili iliyokaa ubavuni, kazi yake ni kuizungusha ile kubwa. Watu wanaiogopa, wengine wanaing'oa. Mimi naona ni mojawapo ya fikra bora kabisa katika mashine hizi. Inaipa dizeli mzunguko wa muda wowote unaotaka, inaipasha maji kwa sababu zinatumia maji mamoja, na kwa modeli nyingi bomba la moshi wake linapita ndani ya njia ya hewa ya dizeli na kuipasha hewa inayovutwa. Betri haifanyi hayo.

Mpangilio wake ni huu. Gia iwe huru, klachi kuu imeachiwa, dizeli imefungwa. Pima oili ya injini ndogo, na pima kwa makini. Kama imepanda kuliko ulivyoiacha na inanuka petroli, sindano ya kabureta inavuja na petroli imeshuka kwenye sampu. Usiwashe. Mwaga, badilisha, rekebisha kabureta, kwa sababu mvuke ule unaweza kulipuka.

Fungua petroli, vuta choki, weka klachi ya injini ndogo nje, uwashe. Kama ni kwa kamba au hendeli, dole gumba likae upande mmoja na vidole vingine, na uvute kuja juu. Usisukume kwenda chini. Ikirudisha teke, mkono utafunguka wenyewe badala ya kuvunjika.

Iache ipate moto kidogo. Ingiza pinioni (gia ndogo inayoshika flaiwili ya dizeli), kisha klachi taratibu. Wenzo wa kompresheni uwe kwenye nafasi ya kuwashia, yaani valvu za dizeli zimeachwa wazi kidogo, na ile kubwa itaanza kuzunguka kwa wepesi ikitoa mlio wa kupumua. Sasa tazama geji ya oili. Usifanye lolote hadi sindano ipande. Injini iliyolala muda mrefu inataka dakika kadhaa hapa, oili ifike kwenye kila beringi kabla mzigo haujaingia.

Sindano ikishapanda, sukuma wenzo kwenye nafasi ya kufanyia kazi. Utasikia injini ndogo ikiinama, mlio wake ukishuka na kuwa mzito, kila silinda ya dizeli ikihesabika. Acha hivyo hadi ishike kasi na kichwa kianze kuwa vuguvugu, ndipo ufungue dizeli. Moshi mweupe unatoka kwanza, silinda moja inashika, ya pili, halafu zote, na pinioni inajitoa yenyewe. Injini ndogo usiizime kwa kukata moto. Funga petroli na uiache imalize iliyomo kwenye kabureta, la sivyo utakuta gundi humo safari ijayo.

Mashine za International Harvester kama TD-18 zina njia yao: injini ileile kubwa inawaka kwa petroli, ikiwa na plagi za cheche na magineto (kifaa cha kuzalisha umeme wa cheche), kisha baada ya muda mfupi wenzo unaigeuza kuwa dizeli. Ni usanii mkubwa, lakini vichwa vyake vinajulikana kwa kupasuka, kwa hiyo usikimbilie kuipa mzigo ikiwa bado baridi.

Zile za Allis-Chalmers zenye injini ya Detroit Diesel ya mfululizo wa 71, iliyoanza mwaka 1938, zinawaka kwa stata na zina hatari yake. Ni injini ya mipigo miwili yenye blowa, yaani pampu ya kusukumia hewa kwenye silinda. Vijiti vya kudhibiti nozeli vikiwa vimeganda kwa kutu, au sili za blowa zikiwa zinapitisha oili, inaweza kupandisha kasi yenyewe na kukataa kuzimika hata ukikata dizeli. Kabla ya kuiwasha mara ya kwanza, hakikisha kila kijiti kinateleza kwa wepesi, na mtu asimame karibu na mdomo wa hewa akiwa na ubao unaouziba wote. Ubao, si mkono wala kitambaa. Kifuniko cha dharura kama kipo kizibe hewa pale tu mambo yanapoharibika, maana ukikitumia kuzima kila siku mvuto wake unaharibu sili za blowa.

Kuhusu etha ya kopo, ile ya kupuliza kwenye mdomo wa hewa ili injini iwake, jibu langu ni hapana kwa injini yoyote yenye plagi za kupasha joto. Inawaka mapema pistoni ikiwa bado inapanda, na ringi ndizo zinazolipa.

Sikiliza, halafu tazama moshi

Kuzithamini mashine hizi kunaanzia masikioni. Injini ya D13000 iliyobebwa na D8 za zamani ina silinda sita, kila pistoni ina kipenyo cha inchi 5.75 na mwendo wa inchi 8, jumla lita 20 na ushei. Inazunguka takriban mara 1,000 tu kwa dakika ikiwa kazini. Unaweza kuusikia kila mpigo. Detroit ni kinyume chake: kila silinda inawaka kila mzunguko, kwa hiyo hata kasi ya kawaida inasikika kama inalia kuomba msaada. Ukishauzoea mlio wa yako ikiwa nzima, utaijua siku inapougua kabla geji haijasema.

Moshi unasaidia. Mweupe wakati wa baridi ni dizeli isiyoungua, unaisha injini ikipata moto. Usipoisha, kuna silinda haishiki au maji yanaingia. Wa bluu ni oili. Mweusi ni dizeli nyingi kuliko hewa, na kabla ya kulaumu pampu kafungue chujio la hewa.

Chujio hilo kwa kawaida ni la bafu la oili. Likague kila siku ya kazi penye vumbi. Tope likijenga tabaka la sentimita moja chini ya bakuli, mwaga, osha, jaza hadi alama, na usizidishe kwa kuwa oili ya ziada itavutwa na injini. Kagua pia hozi kati ya chujio na injini. Ufa mdogo hapo unafanya chujio lote kuwa pambo, na mchanga unaopita unakula ringi na laina kwa muda mfupi mno.

Oili na maji

Soma kitabu kuhusu unene, na kwa Detroit ya mipigo miwili usitie oili ya namba mbili, kama 15W-40. Inataka oili ya uzito mmoja, kwa kawaida 40. Injini iliyotumia oili isiyo na sabuni miaka yote ina tope zito chini. Ukiitia oili ya kisasa ghafla, tope hilo linaachia na kuziba chujio la pampu. Suluhisho ni kushusha sampu, kuisugua, na kuanza upya ukibadilisha oili mara mbili tatu kwa vipindi vifupi. Kuna wanaoshikilia kurudi kwenye oili ya kizamani, na siwaelewi.

Maji matupu kwenye rejeta ni kosa. Yanaleta kutu, na laina za aina hii zinaguswa na maji moja kwa moja, kwa hiyo huchimbika vitundu upande wa nje hadi maji yapenye. Tumia kipoozea chenye dawa ya kuzuia kutu. Thamostati usiitoe kwa kudhani unasaidia. Dizeli inayofanya kazi ikiwa baridi haichomi vizuri, inalowesha eksozi na kuchafua oili.

Klachi za usukani

Klachi kavu za usukani zina adui mmoja: unyevu. Mashine ikisimama, sahani zake hushikana kwa kutu, na ukivuta wenzo katapila linaenda moja kwa moja kana kwamba halijakusikia. Kabla ya kulisogeza lolote lililolala, hakikisha bleidi inashuka na breki zinakamata, na mbele kuwe wazi. Mara nyingi sahani huachia ukiendesha kwa gia ya chini, wenzo umevutwa, huku ukigusa breki ya upande huo. Zisipoachia, utafungua. Chini ya kila chumba cha klachi kuna plagi. Itoe ili oili inayovuja kutoka kwenye gia imwagike badala ya kulowesha sahani. Ukifungua chumba, usipulize vumbi kwa kompresa. Linaweza kuwa na asbesto, ambayo ilitumika sana kwenye klachi na breki za enzi hizo. Lilowesha, ulifute.

Minyororo: huku ndiko pesa inakokwenda

Ukitaka kujua kama katapila la kuuza ni la bei nzuri, piga magoti kabla ya kusikiliza injini. Mfumo wa chini hukadiriwa kula karibu nusu ya gharama zote za matengenezo ya mashine ya minyororo. Injini unaweza kuikarabati kidogokidogo. Cheni, rola (magurudumu madogo yanayoibeba), aidla (gurudumu la mbele) na sproketi (gurudumu la meno la nyuma) zikiisha zinaisha pamoja.

Tazama meno ya sproketi. Yakiwa yamechongoka kama pembe, bushi (mirija inayozunguka pini za cheni) zimeliwa na cheni imerefuka. Kila kiungo kimeongezeka kidogo tu, ila jumla yake inafanya cheni isilale tena vizuri kwenye meno. Pini na bushi zinaweza kugeuzwa nusu mzunguko ili upande usioliwa ufanye kazi, jambo linalohitaji presi kubwa ila ni rahisi kuliko cheni mpya. Zigeuze mapema. Bushi ikishapasuka, nafasi imepita. Wala usifunge cheni mpya juu ya sproketi mbovu, sproketi itaila cheni ndani ya muda mfupi.

Kukaza kunapimwa hivi: endesha mbele, acha mashine isimame yenyewe bila breki, weka ubao ulionyooka juu ya cheni kutoka aidla ya mbele hadi rola ya juu, pima cheni ilivyolala katikati. Kwa mashine nyingi ni kati ya milimita 25 na 40, lakini kitabu chako ndicho hakimu. Watu wengi hukaza kupita kiasi wakidhani wanafanya jema. Cheni iliyokazwa sana inasaga bushi na kumeza nguvu ya injini. Penye matope yanayojaa kwenye sproketi, legeza zaidi.

Mashine za zamani hukazwa kwa skrubu kubwa, za baadaye kwa grisi. Grisi ile ina msukumo mkali. Ukilegeza, fungua valvu mzunguko mmoja tu, usimame pembeni, uso ukiwa mbali. Springi kubwa iliyo nyuma ya aidla usiifungue kabisa bila vifaa vyake. Imebanwa kwa tani nyingi na inaua.

Rola za kizamani zinapewa oili nzito kwa bomba la msukumo mdogo. Bomba la grisi la presha litasukuma sili nje, na kuanzia hapo udongo unaingia. Gia za mwisho, zile zinazozungusha sproketi, zifungulie plagi asubuhi kama ulivyofanya kwenye sampu; maji yakitangulia, sili zimekwisha. Katika kuendesha, punguza kurudi nyuma kwa kasi, maana ndiko kunakosaga bushi na sproketi zaidi, na usigeukie upande mmoja siku nzima.

Bleidi, rangi na kuihifadhi

Usiingie chini ya bleidi iliyoshikiliwa na hidroliki au kamba ya chuma. Ishushe, au iweke juu ya magogo. Kama yako ni ya kamba, ipitishe mkononi ukiwa umevaa glavu nzito za ngozi, mashine imezimwa. Nyuzi zilizokatika na sehemu zilizopondeka ndizo zinazotangulia kuvunjika.

Rangi ije mwisho. Tingatinga lililopakwa njano inayong'aa huku gia za mwisho zina maji limependezeshwa kwa ajili ya mnunuzi. Tena baadhi ya rangi asili iliyofifia, iliyobaki kwenye kona za kofia ya injini, inastahili kuachwa. Ikishafunikwa kwa rangi mpya haipatikani tena.

Ukiihifadhi, kwanza ifanyishe kazi halisi hadi ipate moto kamili. Kuiwasha dakika kumi ikiwa imesimama kunaleta unyevu ndani kuliko kuiacha. Jaza tangi, badilisha oili, ziba bomba la eksozi kwa kopo au kifuniko chenye bawaba, ziba mdomo wa hewa, weka bleidi juu ya mbao. Nyenzo za klachi za usukani zifunge zikiwa zimevutwa nyuma ili sahani zisishikane. Cheni zikae juu ya mbao au changarawe, si kwenye tope. Kisha andika kwenye kipande cha bati vitu vyote ulivyoziba na vyote ulivyomwaga, ukifunge kwenye wenzo wa kuwashia, mahali ambapo mtu atakayekuja kuiwasha hawezi kuushika bila kwanza kukisogeza.